Ukurasa Ulioliwa na Panya

Jumapili, 1 Juni

Nimerudi kanisani nimevurugwa kabisa. Leo ilikuwa zamu ya Mama kusoma somo la kwanza. Mama mkwe wangu, na mwanafunzi bora wa darasa la watu wazima ninalofundisha kila alasiri kwenye chumba cha kwaya. Alisoma kwa kituo, miwani puani, kidole kwenye mstari. Watu amina, amina! Mimi nilisimama pembeni kumshikia kitabu kile kikubwa cha mimbarini, maana jalada lake limeachia.

Alipomaliza ukurasa akafunua, akaendelea. Tatizo ni kwamba karatasi iliyofuata haipo! Panya waliila mwaka jana. Kutoka katikati ya hadithi unaangukia kwenye orodha ya majina. Yeye wala hakushtuka. Alisoma kurasa ambazo hazipo, neno kwa neno, huku kidole kikitembea juu ya majina ya watu wengine kabisa.

Mama hasomi. Amekariri!

Na mimi nimeandika kwenye ripoti ya darasa kwamba wanafunzi kumi na tisa kati ya ishirini wanasoma bila msaada. Sahihi yangu iko pale chini.

Jumatatu, 2 Juni

Nimewajaribu. Badala ya Maandiko nimeandika ubaoni maneno yangu mwenyewe: kesho tutaanza saa kumi, njooni na penseli. Mwanafunzi mmoja, fundi cherehani, akanyoosha mkono, akauliza hilo ni fungu gani maana halikumbuki.

Watatu ndio walioweza. Watatu!

Nimekaa na hasira, halafu nimeona sina wa kumkasirikia. Ninasoma, wanaitikia. Ninarudia, wanaitikia. Ndivyo nilivyofundishwa mimi utotoni, na baba yangu kabla yangu. Kanisa limetupa shule, penseli, hata huu mwandiko ninaojivunia — na pamoja navyo likatupa kuitikia. Halafu kwenye mikutano tunashangaa kwa nini hakuna anayeuliza swali.

Alhamisi, 5 Juni

Mambo yamekuwa makubwa. Wazee wa kanisa wamekubali Mama agombee uzee wa kanisa. Akipita, atakuwa mwanamke wa kwanza kukaa kwenye ile safu ya viti vya mbele. Lakini katibu wao — tunamwita Kifungu, kwa sababu hata ukimsalimu atakutajia kifungu cha katiba — amedai masharti yafuatwe. Mzee wa kanisa sharti ajue kusoma. Basi Askofu akija tarehe ishirini na mbili, atamchagulia fungu na Mama atalisoma mbele ya wote.

Nikamuuliza, na wale wanaume kumi na moja wanaokaa hapo sasa walisoma mbele ya nani? Akasema hao walishaingia. Mmoja wao hajawahi kusoma tangazo lisilo na jina lake!

Mchungaji akanivuta pembeni. Akasema Mama akishindwa, suala la wanawake litafungwa kwa miaka mingine ishirini. Kana kwamba silijui hilo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia. Nilisema: Mama, ile karatasi haikuwepo.

Hakukana. Aliendelea kukunja nguo, shati la mwanawe, moja, mbili. Halafu akaniambia habari ambayo hata mume wangu haijui. Zamani darasa la kanisa lilikuwa la wavulana, wasichana walifagia uwanja. Yeye alikuwa anafagia chini ya dirisha, polepole, ili asimalize kabla yao. Akasikia yote. Akahifadhi yote.

"Neno nimelibeba kichwani miaka hamsini," akasema. "Nyie mnalibeba kwapani."

Nilicheka, kisha nikaenda kulia bafuni. Kanisa lile lile lililomnyima penseli, leo linamdai kusoma! Na bado analipenda. Asubuhi ya Jumapili anaamka kabla yetu wote kupiga pasi kitambaa chake cha kichwani. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa.

Jumanne, 10 Juni

Tunasomea jikoni. Nimekataza Maandiko. Tunatumia boksi la sabuni, pakiti ya chumvi na karatasi ya dawa yake ya presha.

Vita! Anaona silabi ya kwanza tu, anakurushia aya nzima. Nikimwonyesha "chumvi", tayari ananihubiria chumvi ya dunia. Anajua mno, ndiyo maana hasomi. Nikampandishia sauti, naye akanipandishia yake: sabuni haijamwokoa mtu! Mume wangu akachungulia mlangoni, akaona hali, akarudi sebuleni kimya kimya. Mwanaume mwenye akili.

Jumatatu, 16 Juni

Amesoma! Kwenye karatasi ya dawa: "Usinywe — kabla — ya — kula." Maneno manne, dakika nzima, jasho usoni. Halafu akayarudia. Kumbe kwa miezi minane amekuwa akiinywa asubuhi na mapema, tumbo tupu, kwa sababu ndivyo alivyomsikia jirani akisema.

Hakufurahi hata kidogo. Akauliza, "Mambo mangapi mengine wameyaandika, nami nimesikia tofauti?"

Akaniambia nilete karatasi nyingine.

Alhamisi, 19 Juni

Siku tatu zimebaki. Anasoma kama mtoto wa darasa la kwanza, silabi kwa silabi. Haitatosha. Kifungu nimekutana naye getini, ananiuliza kwa upole mwingi kama mgombea wetu hajambo. Upole wake unanikera kuliko ukali wake.

Jumamosi, 21 Juni

Mchungaji amepita nyumbani, hakukaa hata kunywa chai. Mlangoni akaninong'oneza kwamba Askofu atatoa hadithi ya mpanzi. Basi, akaondoka.

Mpanzi! Mama anaijua hata akiwa usingizini. Nilikimbia uani kumwambia. Alikuwa anaanika nguo. Akaisema yote, mwanzo mpaka mwisho, kibanio mdomoni, bila kukosea. Nikampigia makofi. Akaniuliza ni nani aliyenituma. Nikamwambia aache maswali, kesho avae miwani, aweke kidole kwenye mstari, afanye kama siku zote.

"Kama siku zote," akasema.

Nimefurahi, na furaha yenyewe inaniwasha. Mwalimu mzima nimemfundisha mwanafunzi wangu kudanganya. Lakini Kifungu naye! Acha Mama apite kwanza, kusoma atajifunza akiwa ameshakaa kwenye kiti.

Jumapili, 22 Juni

Naandika nyuma ya ratiba ya ibada, magotini, nitaibandika humu baadaye. Nisipoandika nitapiga kelele.

Askofu amefungua kitabu, akamwonyesha. Mpanzi, kama tulivyoambiwa. Mama ametazama muda mrefu. Kisha amekifunga! Amesema, watu wote wakisikia, kwamba hili amelihifadhi tangu akiwa msichana, na akilisema atakuwa anadanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Anaomba apewe kitu ambacho hajawahi kukisikia.

Mama, Mama, kwa nini! Mchungaji ameinama kama anayetafuta kitu sakafuni.

Askofu amejipapasa, ametoa barua mfukoni. Barua ya kawaida tu, ya ofisini. Mama ameinyoosha juu ya meza, amevaa miwani.

"Ku-to-ka-na... na..."

Kwaya wanacheka chini chini. Kifungu amekunja mikono, anatazama saa yake.

"Ma-te-nge-ne-zo."

Na hapo fundi cherehani, kwenye safu ya tatu, kwa mazoea yale yale niliyowafundisha mimi, ameitikia: matengenezo. Hakujua kama ametoa sauti. Mama amesoma neno jingine, polepole, akalipata. Sasa wameitikia watano. Neno jingine. Darasa zima! Kicheko cha kwaya kimekatika.

Kifungu amesimama, mkono juu. Anasema wanamtajia maneno. Hawamtajii — yeye ndiye anayeanza, wao wanafuata, hata kipofu anasikia! Nimesema hivyo kwa sauti, nadhani, maana mume wangu amenishika mkono. Askofu anatazama huku, anatazama kule, bado hajaamua.

Mama hajainua kichwa. Kidole kimehamia kwenye neno linalofuata. Ni refu, naona hata kutoka hapa. Darasa langu lote limevuta pumzi, linamsubiri.