Ubao wa Kwenye Korido

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu, bibi mstaafu wa hapa makao yetu ya wazee, hakuja kula tena. Siku ya tatu! Nimempelekea chakula chumbani, kageukia ukutani. Nikambembeleza mpaka akasema. Mgeni wa mzee wa chumba cha pili alisoma ubao wetu wa kwenye korido — jina, ugonjwa, dawa, nani anavaa nepi — akaupiga picha, picha ikasambaa. Sasa wanafunzi wake wa zamani wanamtumia pole kwenye simu.
"Mwanangu, miaka thelathini na minane nimeandika ubaoni. Leo nimeandikwa mimi."
Nimetoka machozi yananilenga. Na mwandiko wa ule ubao ni wangu!

Jumanne, 4 Machi
Nimemwomba meneja tuufute. Hataki. Eti unarahisisha kazi zamu zikibadilishana, na sisi wauguzi tuache kimbelembele. Nimeufunika kwa shuka. Mchana shuka limeondolewa. Nimelirudisha.

Alhamisi, 6 Machi
Jamani! Mwalimu katoka mwenyewe, na fimbo zake mbili, hadi kwenye kikao cha wafanyakazi. Kashika kalamu ya ubao. Akamuuliza meneja: presha yako ikoje? Choo unapata vizuri? Sema, niandike.
Meneja akaruka: "Mama, hayo ni mambo yangu ya siri!"
Akayasikia maneno yake mwenyewe. Mpishi ndiye aliyeanza kucheka.
Ubao umefutwa saa tano na dakika kumi. Nimeufuta mimi — mkono bado unauma kwa kusugua!

Jumatatu, 10 Machi
Mafaili yote yamo kabatini, kufuli jipya. Anayefungua anasaini. Daktari naye kasaini, kanuna. Mwalimu kala mezani na wenzake, kaongeza sahani.

Jumatano, 12 Machi
Naandika hapahapa mapokezi. Kaja mwana wa kwanza wa Mwalimu — suti, sauti juu. Anataka faili la mama yake, sasa hivi, yeye ndiye mkubwa wa familia! Nikamwambia mama ana akili zake timamu, akikubali utaliona. Akamwita meneja. Roho mkononi! Meneja kanitazama, kamtazama:
"Bwana, dada ameshakujibu."
Nusura nimkumbatie!
Mwalimu huyo anakuja, polepole. Kakataa kiti. Mwana kafunga vifungo vya koti, sauti imeshuka kabisa:
"Shikamoo, mama. Nilikuwa naomba, kama hutaona vibaya—"