Taa Bado Inawaka Kivukoni: Kwa Ndugu Yetu Kasimiro Andama

Mwaka mmoja umetimia, Kasimiro, tangu ututoke na kutuachia mnara wa taa hapa kivukoni Lobule.

Mnara huo wa mawe baba yetu, askari mstaafu, aliujenga baada ya mto kumchukua dada yetu Juliet akirudi kutoka soko la Koboko. Mbele yake, karibu na maji, akaweka jiwe kubwa akalipaka chokaa. Kila mtoto wa ukingo huu anajua: ukiwa ng'ambo, taa ikionekana imekaa juu ya jiwe kama mtungi kichwani, ingia, chini yako kuna mwamba. Ikiteleza pembeni, usisogee. Mbele yako ni shimo.

Uliipokea kazi hiyo kwa baba na hukuiacha. Hata timu yako ya mpira, Onduparaka, ikiwa uwanjani, uliiacha redio ikipiga kelele nyumbani ukaenda kukata utambi. Mikono yako ilikuwa ya mkulima wa muhogo, lakini kioo cha taa hukukigusa kabla ya kunawa. Mimi kaka yako nilijisomea masomo ya shule ya usiku chini ya taa hiyo, nawe hukukosa neno: “Mwalimu, hii kitabu yako iko nakunywa mafuta yangu!”

Mvua za mwaka huu zilipoanza, vijana wa daraja jipya walikuja na nyundo. Walisema mnara umesimama katika njia yao, tena mawe yake yanafaa kwa msingi. Mkeo Keji alikuwa juu ya ngazi akifuta kioo. Hakushuka.

“Daraja yako iko wapi, nipite?” alimwuliza msimamizi wao.

“Iko nakuja, mama.”

“Basi ikuje. Itakuta taa iko nawaka.”

Wakampa hadi Jumatatu. Jumamosi mvua ikanyesha kule mto unakotokea, na jioni maji yakaanza kupanda. Msimamizi alikuwa ng'ambo, anatoka Koboko. Tukasikia akiita, “Mama! Taa!”

Ilikuwa inawaka tayari. Keji alimjibu kwa sauti iliyoyashinda maji: “Iweke juu ya jiwe! Ikikimbia, simama!”

Akavuka polepole, viatu shingoni, maji kiunoni. Alipofika aliketi chini ya mnara uleule, akakamua suruali. Hakuna aliyemcheka isipokuwa Keji, aliyemletea chai. “Kunywa, bwana. Hiyo daraja yako leo imechelewa.”

Jumatatu alikuja bila nyundo. Aling'oa vigingi walivyopimia barabara ya darajani, akavipigilia upya kando, mbali na mnara.

Ndugu yangu, daraja litafika, nasi tutalivuka kwa furaha. Taa haitazimwa. Binti yako Stella Kiden ndiye anayekata utambi sasa, na ananawa kwanza. Mkwe wako Swadiki analeta mafuta. Jiwe lina chokaa mpya. Macho yangu yamepungua, lakini ngazi bado naweza kuishika mtu mwingine apande.

Tunaokukumbuka ni mkeo Keji, binti yako Stella Kiden, mkwe wako Swadiki, mjukuu wako Shamim, ndugu zako wote walioko Dadamu, na mimi kaka yako Alionzi.

Kila jioni kibiriti kikiwaka kivukoni, tutakutaja kwa jina. Daima.