Sahihi ya Sindano ya Zainabu

Mtani wangu mpendwa, nesi wetu uliyekwenda,

Usishangae mwandiko. Ni wangu mwenyewe, sikuandikiwa na mtu. Wewe ndiye uliyenishikisha chaki pale kwenye baraza ya zahanati, ukaniuliza, "Mmwera, hiyo herufi au mkia wa panya?" Nikakujibu, "Mngoni anajua nini zaidi ya kula?" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Siku hizi nikisinzia mchana, mikorosho ikiwa na maua, harufu yake inachanganyika na ya dawa zako, na kofia yako nyeupe inapita mlangoni kama inaelea. Nikifumbua macho, hamna.

Unaikumbuka baiskeli yangu? Toka kwetu Nambilanje hadi Ruangwa hakuwepo wa kunifikia, hata vijana. Ndiyo maana karatasi za dawa ulinipa mimi nizipeleke. Aspirini na klorokwini ulitoa mwenyewe, lakini penisilini sheria ilikukataza kuchoma mpaka tabibu wa Ruangwa atie sahihi. Nilikubishia sana: dawa ipo kabatini, mgonjwa yupo kitandani, nesi kasimama, tunangoja wino? Ukanituliza. "Dawa hii inaponya na inaua, mtani. Ni vizuri tuwe wawili."

Halafu masika yale. Mjukuu wangu Zainabu kashikwa na kichomi, mbavu zinaingia na kutoka. Ulijaza karatasi kwa penseli, nikaondoka nayo mvuani. Korongo limefurika. Niliingia mara mbili, mara mbili maji yakanirudisha na baiskeli yangu. Nikakuletea karatasi imelowa chapachapa, sahihi hakuna. Hukunisema. Ulimtazama mtoto, ukasema polepole, "Sheria inaniambia ningoje. Huyu hawezi kungoja." Ukamjaribu kwanza kwa tone dogo mkononi, tukasubiri, kisha ukachoma. Bati lilikuwa linalia kwa mvua, nawe ukasukuma dawa taratibu. Mimi nilijifuta machozi kwa shati lililolowa, ila hilo usimwambie mtu.

Asubuhi ya tatu Zainabu aliomba uji.

Sasa neno ambalo sikukuambia. Ulipoitwa Nachingwea kwa wakubwa wako ukahojiwa, kisha ukahamishwa, ulidhani tabibu ndiye aliyekuchongea. Si yeye. Ni mdomo wangu. Nilijitapa sokoni Ruangwa mbele ya watu: "Nesi wetu hangoji sahihi ya mtu! Mjukuu wangu kamponya peke yake!" Nilidhani nakusifia wewe. Kumbe najisifia mimi, mwenye nesi kama huyo. Siku ya lori nilikubebea sanduku, ukaniuliza, "Mtani, mbona leo hunitanii?" Nikasema jua kali.

Jua halikuwa kali.

Mimi si mtu wa kuomba radhi, unanijua. Hata mke wangu hajawahi kuisikia kwangu. Leo nakuomba wewe. Zainabu yuko darasa la tatu, anasoma kunipita, ingawa kwa mwandiko bado hajanifikia.

Karatasi ile niliianika, ninayo. Penseli yako haikufutika. Jina la mtoto linaonekana, dawa inaonekana, pa sahihi peupe. Nakutumia ndani ya barua hii. Cheo cha tabibu sina, lakini nilikuwepo, niliona ulichofanya na najua nani alisema. Akikuuliza mtu tena, mwonyeshe. Pale peupe nimeandika jina langu lote, herufi kwa herufi, kama ulivyonifundisha.

Ni mimi mtani wako, babu yake Zainabu.