Gurudumu la Nyuma la Nesi Yolanda

Jumatatu, 4 Machi

Pikipiki tatu kabla ya chai. Mvua tangu alfajiri, uwanja wa gereji tope tupu. Saa nne nesi Yolanda akaleta gari lake. Mara ya tatu tangu Januari. Linavuta kulia, usukani haukai katikati, na tairi la nyuma kushoto limelika upande wa ndani mpaka nyuzi zinaonekana. Nikamfungia tairi jingine, nikanyoosha magurudumu ya mbele tena. Nikamwambia apunguze mwendo. Hakubisha. Angebisha ningejisikia nafuu.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbaya. Yolanda amepiga simu. Leo asubuhi alikuwa anamkimbiza mama mjamzito hospitali ya mjini. Kwenye kona, mbele kidogo ya Kidahwe, lami imelowa, mkia wa gari ukahama. Gari likageuka likaangalia lilikotoka. Dereva wa lori la mchanga aliwachukua. Mama kajifungua salama, mtoto wa kike.

Nimekaa kwenye benchi na spana mkononi, sijui ya kazi gani. Naogopa.

Alhamisi, 7 Machi

Gari limevutwa mpaka hapa. Halina hata mkwaruzo. Mbele nimepima mara nne, pako sawa. Basi ubovu uko nyuma, na mimi nyuma sijawahi kupima. Huwa natazama kwa macho tu.

Anayejua ni Ruben. Miaka sita tulishirikiana katika gereji hii hii ya Kasingirima. Mwaka juzi nilimwita mzembe mbele ya wateja, kwa kosa ambalo baadaye niligundua ni langu. Akafunga sanduku lake la vifaa, akaondoka. Sikumfuata. Sasa ana kibanda karibu na bandari.

Nimekwenda kwa bodaboda. Maneno niliyopanga njiani yakapotea yote. Nikamwambia nilimkosea, kisha nikamweleza shida yangu. Akamaliza kwanza kukaza nati aliyokuwa nayo.

"Nitakuja kesho," akasema. "Kwa ajili ya gari."

Haitoshi. Lakini nimepokea.

Ijumaa, 8 Machi

Amekuja na mshipi wa kuvulia, kanunua Ujiji. Ameniamkia kwa Kiha, "Mwakeye, dada Neema," kama mtu anayemsalimu jirani. Tukasukuma gari kwenye sakafu ya saruji, tukanyoosha usukani. Tukavuta mshipi kila upande, umekazwa kwenye vyuma viwili, umbali sawa kutoka katikati ya magurudumu. Kisha rula: kutoka kwenye mshipi mpaka ukingo wa mbele wa ringi, halafu ukingo wa nyuma.

Gurudumu la kulia, tofauti ndogo, inayokubalika. La kushoto, mbele limetazama nje kwa milimita saba. Saba! Gari lilikuwa linasukumwa na mguu uliopinda, na mimi nakazana kulinyoosha kichwa.

Tukaingia chini. Mkono unaoshika gurudumu umefungwa kwa bolti ya kurekebishia, ile ambayo ukiizungusha gurudumu linageuka. Imekazwa mahali si pake. Januari niliifungua mwenyewe nilipobadilisha shokapu. Sikuweka alama. Nilirudisha kwa kukisia.

Ruben aliona. Akaifuta tope kwa kidole. Nikasema mimi.

"Ni mimi niliyeifungua."

"Basi ni wewe utakayeirekebisha."

Akaniachia mshipi, akarudi bandarini. Mchana sikula.

Jumamosi, 9 Machi

Bolti imeshika kutu. Mafuta, moto, nyundo, mafuta tena. Mpaka saa tano ndipo ikacheza. Nazungusha kidogo, nasukuma gari mbele na nyuma ili likae, napima. Nimepitiliza. Narudisha. Mara ya sita mbele ya gurudumu ikaingia ndani milimita moja na nusu, sawa kabisa na la kulia. Nikakaza. Nikapima tena baada ya kukaza, maana bolti huwa inatoroka hapo hapo.

Mchana Yolanda alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kusingizia kutu. Nikamwambia ukweli: kosa ni langu, la Januari, na mara tatu nimemrudisha barabarani nalo.

Akalitazama tairi la nyuma.

"Fundi, tulikuwa watatu mle ndani."

Nikaiweka spana chini.

Baadaye akaomba nimwonyeshe inavyopimwa. Nikavuta mshipi upya. Akachuchumaa na sare yake, akasoma rula mwenyewe, pande zote, mara mbili. Tukaondoka naye mpaka Kidahwe, mvua inanyunyiza. Ile kona akaipita polepole, mikono imekaza. Gari likashika njia. Barabara iliponyooka akalegeza vidole juu ya usukani. Lilikwenda sawia, halikutafuta kushoto wala kulia. Akapumua. Mimi nikalia kidogo, nikitazama dirishani.

Jumanne, 19 Machi

Jua leo. Yolanda amepita asubuhi, nimepapasa tairi zake zote nne. Zinalika sawasawa. Anakwenda kumtazama yule mama na mtoto.

Mchana kaja mzee mmoja na gari la mizigo, tairi la nyuma linamalizika kabla ya wakati. Nikamuuliza nani kamwelekeza huku. Fundi wa bandarini, akasema, anaitwa Ruben. Kamwambia kupima nyuma aje kwangu.

Nimemwekea kiti kivulini. Nimemwambia asubiri, kazi hii haitaki haraka.