Mashine Yenye Utepe na Mgeni Rasmi Asiyefika

Mpendwa Mama Damari,

Shikamoo. Nakuandikia huku mikono yangu inanukia alizeti, na hilo ndilo tatizo lenyewe, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa kwa sababu baada ya Ijumaa sijui kama nitakuwa na uso wa kumwandikia mtu barua. Kijiji sikitaji, ni huku huku Nyanda za Juu Kusini, ukiiacha Chimala unaanza kupandisha milima, na jina langu pia usiliweke gazetini, maana watu wa huku wanasoma mpaka gazeti lililofungiwa maandazi.

Mimi ndiye mshika ufunguo wa kikundi chetu cha wakulima wa alizeti. Mwezi wa tano halmashauri yetu ilitufanyia jambo kubwa, sitaki kusema uongo, ilituletea mashine mpya ya kukamua mafuta, ikavuta umeme mpaka kwenye ghala la kijiji, ikamleta na fundi akatufundisha kuiwasha, kuisafisha na kuchuja mafuta, hata somo la vifungashio tulipewa, na tukaambiwa tukifanya vizuri mwakani tutakaa kwenye banda la halmashauri pale Nane Nane. Tulicheza siku ile mpaka Mzee Asukile, mwenyekiti wetu, akapoteza kiatu kimoja. Halafu Dada Happy, afisa maendeleo wetu, akauzungusha utepe wa rangi za bendera kwenye mashine yote akasema, "Jamani, hii isiguswe mpaka mgeni rasmi aje aizindue. Mkiigusa inahamia kata ya jirani, wale wanaililia kweli kweli." Tukampigia makofi.

Basi, Mama Damari, huyo mgeni rasmi hakuja. Mara ya kwanza tulichinja mbuzi, kwaya ikashona sare, simu ikapigwa kwamba mto umejaa na gari halipiti, tukamla mbuzi wenyewe, mara ya pili akawa kwenye mambo ya bajeti huko Dodoma, mara ya tatu tukaambiwa subirini Nane Nane ipite, na Nane Nane ikapita, na sisi alizeti imeshavunwa iko kwenye magunia, na wale wanunuzi wenye malori ya Fuso wanapita nyumba kwa nyumba wanainunua ghafi kwa bei ya kukutukana, wakati mashine tunayo, umeme tunao, ufunguo ninao mimi mfukoni. Liberatus mwenye mashine ya kusaga mahindi, ambayo iko ukuta kwa ukuta na ghala letu, kila nikipita ananiuliza, "Dada, bado mnaiatamia? Itaangua lini?"

Aliyeniingiza kwenye dhambi ni mama mkwe wangu. Alikuja na gunia lake kichwani akalitua mlangoni kwangu akasema, "Mwe! Nikanunue mafuta dukani na alizeti ninayo, na mkwe wangu ana ufunguo? Huyo mgeni mnayemngoja atakuja kunikaangia mboga?" Sasa mama mkwe utamjibu nini. Nikaenda ghalani, nikaufungua utepe taratibu bila kuukata, nikaukunja vizuri nikauweka pembeni, nikangoja Liberatus awashe mashine yake ili milio ichanganyike, ndipo nikawasha ya kwetu. Mama Damari, yale mafuta yalipoanza kuchuruzika nililia. Yalikuwa na rangi ya dhahabu na ghala zima lilinukia mpaka nikasikia njaa.

Nilijua ni siku moja tu, lakini mama mkwe hana siri, kesho yake akaja dada yake, kesho kutwa wakaja wawili wa kwenye kikundi wanajifanya wanapita tu huku wana magunia, na sasa nusu ya kikundi wameshakamua, kila mtu anakuja na umeme wake wa LUKU na mashudu ananiachia mimi kwa ajili ya nguruwe wangu, na nguruwe wamenenepa hawawezi hata kukimbia. Mzee Asukile mwenyewe juzi alisimama kwa Liberatus, mimi nikiwa mlangoni mwa ghala, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Siku hizi mashine yako inanukia vizuri sana," akaondoka zake. Nikashukuru Mungu hakuelewa.

Niliyemkatalia ni mmoja tu, Mama Isakwisa. Yule mama ni mjane na ana mdomo, siku ya kuchagua mshika ufunguo alisimama akasema mimi siwezi kukaa na siri, kwa hiyo alipokuja na magunia yake nikamwambia, "Mama Isakwisa, mashine haijazinduliwa, sheria ni sheria." Akaondoka. Wiki ile ile akauza karibu alizeti yake yote kwa watu wa Fuso, amebakiza magunia mawili tu. Siku moja akapita karibu na ghala akakuta mashine inakoroma na mama mkwe anatoka na dumu, akatuangalia, hakusema neno. Tangu hapo salamu yangu haitikii, hata kanisani akiniona anahama benchi.

Sasa tumeambiwa mgeni rasmi anakuja Ijumaa, safari hii ni kweli, mahema yameshaagizwa. Mimi sina amani. Mashine imechubuka rangi, utepe umelowa mafuta hautamaniki, nimeenda mpaka sokoni Mwanjelwa, Mbeya mjini, kutafuta mwingine kama ule nimekosa, nimepata wa pinki wa kupambia kitchen party. Nikimwambia Dada Happy ukweli mashine itahamishwa na kikundi kizima kitanilaani, na nikinyamaza Mama Isakwisa atasimama mbele ya watu wote na kunianika. Nimefikiria kumpelekea dumu moja la mafuta ili anyamaze mpaka Ijumaa ipite. Je, nimpelekee? Na huo utepe wa pinki, nikisema ndio fasheni ya sasa, watanielewa?

Wako mwenye mawazo,
Mshika Ufunguo

*

Mshika Ufunguo, marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma hapa Iringa barazani kwangu nikicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna harusi. Nimecheka, halafu nilipofika kwa Mama Isakwisa nikaacha kucheka. Huko nitarudi, na nikirudi usinikimbie.

Kwanza nikuondolee mzigo ambao si wako. Unasema Mzee Asukile hakuelewa. Binti yangu, tangu lini mashine ya kusaga mahindi ikanukia mafuta ya alizeti? Mzee ameelewa kabla hujaelewa wewe. Alisimama pale akakwambia kwa adabu za kizee kwamba anajua, na kwamba amekuachia. Angetaka kukukomesha angekuja na wajumbe. Nguruwe wako wanatembea kijiji kizima wamenona kama wabunge, mama mkwe wako anapita na dumu mchana kweupe, halafu wewe unadhani una siri. Aliyesema huwezi kukaa na siri hakukuonea.

Halmashauri yenu naipa pongezi zake. Kuna vijiji vinaomba umeme wa kuendeshea mashine mpaka watoto wanakua, nyinyi mmepewa mashine, umeme, fundi na mafunzo kwa mkupuo. Hayo ndiyo maendeleo tunayoyataka, mkulima auze mafuta badala ya kuuza gunia. Lakini kazi yote hiyo nzuri kisha unaizungushia utepe na kuiambia isubiri hotuba! Alizeti haijui ratiba ya mgeni. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyokuwa yanaumia ni ya kwenu. Kwa hiyo kuiwasha mashine sikulaumu sana. Ningekuwa mimi ndiye mama mkwe wako ningelibeba gunia hilo hilo.

Ninachokulaumu ni kujificha. Mlikuwa na kikundi, mlikuwa na mwenyekiti, mlikuwa na Dada Happy mwenye simu. Mngeitisha kikao, mkaandika muhtasari, mkamwambia, "Afisa, mavuno yameiva, tunaomba tuanze kazi, mgeni akija atatukuta kazini." Kuna afisa gani angekataa hilo likiwa limesemwa na kikundi kizima? Mlimwogopa bure, kila mmoja akaamua kuwa mjanja peke yake.

Kwa hiyo kesho asubuhi, wewe na Mzee Asukile na mmoja wa hao waliokamua, nendeni ofisini kwa Dada Happy. Mwende na dumu la mafuta na kilo kadhaa za mashudu, mviweke mezani kama kazi yenu, msimpe kama zawadi. Mwambieni yote bila kuzungukazunguka, nani kakamua, lini mlianza, rangi imechubuka wapi. Atakasirika. Mwacheni akasirike, ana haki, jina lake ndilo lililoandikwa kwenye taarifa. Akimaliza mkumbusheni kwamba mashine inayohamishwa ni ile inayooza chini ya turubai. Mashine inayotoa mafuta ndiyo kila afisa anataka kuiandikia taarifa, na mabosi wake wakija Ijumaa watakuta watu wanafanya kazi badala ya chuma kilichofungwa kama zawadi ya harusi. Sitakuahidi kwamba hamtapata onyo. Pokeeni onyo, mtie sahihi, mrudi kazini.

Huo utepe wa pinki mpelekee binti wa mtu anayeolewa. Ijumaa hakuna kukata utepe. Mgeni rasmi abonyeze swichi, alizeti imiminwe, mafuta yatoke mbele ya macho yake, na mboga ikaangwe hapo hapo na apewe. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wazee, basi huyu mgeni mmemngoja muda mrefu, mtumieni. Msiishie kumshukuru. Mwambieni mnataka mafuta yenu yapimwe ubora na yapate nembo ili yaingie kwenye maduka ya Mwanjelwa kwa mlango wa mbele, na mnataka uzinduzi wa kikundi kingine chochote katika wilaya ufanyike mashine ikiwa inafanya kazi. Hapo mtakuwa mmewasaidia na hao wa kata ya jirani mnaowaogopa.

Sasa nirudi nilikosema nitarudi.

Mama Isakwisa alikuja kwako na magunia kama walivyokuja wenzake. Wenzake umewafungulia, yeye ukamsomea sheria. Sheria ambayo wewe mwenyewe ulikuwa umeshaivunja kwa mama mkwe, kwa dada wa mama mkwe, na kwa wote waliojifanya wanapita. Mjane akarudi nyumbani na mzigo wake, akauza ghafi kwa bei uliyoiita wewe mwenyewe bei ya kukutukana, kisha akapita akakuona. Na hakusema neno! Huyo unayemwita ana mdomo, amekaa kimya wiki zote hizi akijua kwamba neno lake moja kwa Dada Happy lingewanyang'anya mashine nyote. Nani hapo anajua kutunza siri? Nimekasirika, mwanangu, na nataka ujue kwamba nimekasirika. Ufunguo ulipewa na kikundi kizima, na yeye akiwemo. Hukupewa uutumie kulipiza maneno ya kwenye uchaguzi.

Na eti umpelekee dumu anyamaze. Thubutu! Ukimpelekea hilo dumu utakuwa umemtukana mara ya pili, na safari hii mlangoni kwake. Nenda mikono mitupu, nenda leo jioni kabla ya kwenda kwa Dada Happy, na usitangulie na habari za Ijumaa. Sema, "Mama, nilikudanganya. Mashine ilikuwa inafanya kazi na nilikunyima kwa sababu nilikuwa nimekununia. Nisamehe." Kisha nyamaza. Akikufukuza, ondoka na urudi kesho. Akikukaribisha, kaa hata kama hakupi kiti.

Hasara aliyoipata huwezi kuirudisha yote, lakini mashudu yote uliyojilimbikizia yagawanywe, na fungu lake liwe la kwanza, nguruwe wako wapungue kidogo watakushukuru. Yale magunia mawili aliyobakiza ndiyo yaingie mashineni Ijumaa, mbele ya mgeni, akikubali. Asipokubali ni mali yake, usimbembeleze mbele za watu.

Jambo la mwisho. Kila uzinduzi una risala, na hukuniambia kikundi chenu kimemchagua nani kuisoma. Naamini ni wewe. Mwachie Mama Isakwisa. Mkae naye, wewe, Mzee Asukile na wengine, muandike pamoja, mambo ya nembo na soko yawemo, kisha mpeni kipaza sauti. Usiombe kuonyeshwa kwanza atakachosema. Na akianza kwa kukusema wewe, mbele ya mgeni rasmi, Dada Happy na mama mkwe wako, simama pale karibu na mashine umsikilize mpaka amalize, halafu uwe wa kwanza kumpigia makofi.

Mama Damari