Mimi Si Auntie wa Naomi

Dada yangu Konsolata,

Kazini wanakuita Consuelo. Uliniambia hivyo mwezi wa kwanza baada ya kufika Texas, ukacheka mpaka simu ikawa inakatikakatika. "Wamama wa Kimeksiko wamenibatiza upya!" Nilicheka nawe. Halafu simu ilipokatika kabisa nilikaa kwenye kitanda chetu hapa Umbilo, Durban, nikilitamka jina hilo polepole, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwenzake. Sikujua kwamba miaka michache baadaye ningekaa darasani, kampasi ya Westville, nikiwasoma wamama haohao, watoto wao na wajukuu wao, na kwamba kila ukurasa ningekuwa nakutafuta wewe.

Wiki ijayo ninahitimu. Joho limening'inia kwenye msumari uliokuwa ukitundikia mkoba wako. Mama yake Nokwanda, msichana ninayesoma naye, ameahidi kunipigia vigelegele jina langu likisomwa, kwa sababu mwanawe amemwambia kwamba sina mtu. Nilimshukuru sana. Ni mama mwema. Nilipofika chumbani ndipo maneno hayo yalinikaa kifuani: sina mtu.

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu kwenye simu hatuongei tena. Tunapeana habari. Umeamkaje, kazi vipi, baridi ipo, Mungu ni mwema. Na najua kuna madada wengine waliopandishwa ndege na wadogo wao wakabaki Durban, na huenda nao wana la kuambiana.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiongea? Nje, kimya. Ulinifundisha wakati ule wageni walipokuwa wakipigwa: kwenye taxi funga mdomo, dukani nyoosha kidole, mtu akikusalimia itikia yebo ya Kizulu na usiongeze kitu, maana neno la pili ndilo litakalotaja ulikotoka. Nilikuwa na miaka kumi. Tulitembea Umbilo Road kama mabubu wawili, kila mmoja na mfuko wake. Lakini tulipoingia chumbani, ukishasukuma komeo, ulikuwa unageuka na kuniambia, "Haya. Sasa ongea." Nami nilimwaga yote ya siku nzima: mwalimu aliyekosea jina langu, msichana aliyeniita jina baya, wali wa shule usioiva. Ulikuwa umesuka vichwa vya watu tangu asubuhi, vidole vimekufa ganzi, miguu umeiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, na bado ulisikiliza. Mpaka leo Kiswahili kwangu kina mlango na komeo. Kinanukia mafuta ya nywele.

Naomi alijifunza kusema humohumo. Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo ulipomzaa ulinikabidhi mimi cheo. Ulimshika mtoto ukamwelekeza usoni kwangu: "Huyu ni mama yako mdogo. Siku nikikosekana mimi, ni huyu." Akawa ananiita Mamadogo, kwa pumzi moja. Halafu majina yenu yakatoka kwenye orodha ya wakimbizi wa kuhamishiwa Marekani, wewe, shemeji na mtoto, na langu halikutoka, kwa kuwa nilikuwa nimeshafikisha umri wa kuhesabiwa peke yangu. Pale uwanja wa ndege alikuwa na miaka miwili na nusu. Alilia akinyoosha mikono juu ya bega la baba yake, akiniita kwa jina hilo, na watu kwenye foleni wakageuka kunitazama.

Sasa ana miaka saba. Nilipiga Jumapili moja, muhula wangu wa mwisho ukiwa unakaribia kuisha, akapokea yeye. Nikamwambia, "Naomi, mama, hujambo?" Nikamsikia akiita kwa Kiingereza kwamba kuna auntie kwenye simu. Ukamuuliza auntie yupi, mbona kuna wengi. Akasema, "Yule wa Afrika."

Ulicheka. Ukachukua simu, ukaniambia, "Muongeleshe Kiingereza tu, mdogo wangu. Mwalimu wake alisema tusimuchanganye mutoto. Sasa miye nifanye nini?"

Hukufanya kosa lolote. Lakini Dada, wewe umeishi hapa. Hapa Durban kila mwanamke ni auntie. Anayeuza samosa Sydenham ni auntie, anayefagia maktaba ni auntie, na mimi mwenyewe tayari watoto wa ghorofa ya chini wananiita auntie wakitaka niwafungulie geti. Kiingereza hakina neno la kusema mwanamke aliyetoka tumbo moja na mama yako, ambaye mama yako akikosekana ni yeye. Kwa Kiingereza, mtoto akinipenda sana, atakachoweza kuniita ni auntie. Cheo ulichonipa kimo ndani ya lugha, na lugha inamtoka.

Jumanne iliyofuata tulikuwa na kipindi cha mwisho cha somo lile la wamama wa Kimeksiko. Somo lenyewe lilihusu Wachikano, yaani watu wenye asili ya Meksiko waliozaliwa au kukulia Marekani, pamoja na Walatino wengine waliohamia huko. Tulikuwa wachache. Siku ya kwanza Nokwanda alikuwa ameuliza kwa sauti, "Eish, sisi tuko Durban, Mexico ya nini?" na hata mwalimu alicheka. Wewe nawe ulinitania: "Unasoma Wameksiko mpaka wanakupa digrii! Miye niko nakula nao kila siku, digrii yangu iko wapi?" Sasa mwalimu alitutaka kila mmoja, kabla hatujahitimu, aseme somo hili limemfanyia nini. Alisema hataki majibu ya mtihani.

Pravesh, kijana wa Kihindi anayetoka Sydenham, ambaye muhula mzima alikuwa akikaa nyuma akituchekesha, ndiye aliyeanza. Alisema bibi yake alikuwa akiongea Kitamil na miungu yake peke yake. Na wajukuu aliongea Kiingereza, ili wafaulu. "Na tumefaulu, si mnaniona?" Tukacheka. Halafu akasema kwamba bibi alipolazwa, karibu na mwisho, Kiingereza kilimtoka chote. Akabaki na Kitamil. Akawa anawaambia jambo, anarudia, anakasirika, na wao wamesimama kukizunguka kitanda, hakuna anayeelewa. "Mimi nilikuwa najua maneno ya chakula tu. Kwa hiyo nilimshika mkono nikamwambia: wali. Nikamwambia: mchuzi."

Akasema aliposoma juu ya watoto wa Kichikano waliochapwa shuleni kwa kusema Kihispania, na wazazi ambao baadaye hawakutaka watoto wao wachapwe, ndipo alipoacha kumlaumu bibi. Ndicho somo lilichomfanyia.

Zamu yangu ilipofika niliomba nipitwe. Mwalimu alinitazama, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiinua mkono kila mara mpaka wenzangu wakaguna. Nokwanda akaninong'oneza, "Wewe, professor, umekuwaje?" Ningefungua mdomo ningemwita Naomi.

Jibu langu ni hili, nakupa wewe badala ya mwalimu. Nilidhani nasoma juu ya watu wa mbali. Nimemaliza nikiwa nimeona nyumba yako. Mwalimu wa Naomi si mtu mbaya. Walimu waliowaambia wazazi wa Kimeksiko maneno hayohayo, wengi wao walidhani wanasaidia. Nimesoma wanayoandika watoto hao wakiwa wakubwa: wanaelewa nusu, wanajibu kwa aibu, ndugu zao wa Meksiko wanawacheka, na shangazi anapofariki wanasimama pembeni ya jeneza wakiwa hawana neno. Nawe uliniambia mwenyewe, kama kichekesho, kwamba Lupe unayefanya naye kazi kiwandani, kwenye mstari wa kukata kuku wa baridi, anaongea na wajukuu wake kwa mikono. Ulisema, "Kama bubu, kweli!" Sikucheka siku ile. Nilitaka kukuuliza kama unasikia unachokisema.

Najua unatoka kazini vidole vimeganda. Najua Kiingereza chako unakiokota kwa mtoto, na kwamba unajivunia akikusahihisha. Ni rahisi kwangu, nikiwa na vitabu na dirisha, kukufundisha jinsi ya kulea. Na sitajifanya kwamba nalia kwa ajili ya Naomi peke yake. Naomi ataishi vizuri tu. Kiingereza atakipata hata mkikizuia mlangoni. Anayepoteza ni mimi. Mama hayupo, wewe uko huko, na duniani yupo mtu mmoja tu anayeweza kuniita Mama mdogo. Akilisahau neno hilo, mimi nitabaki na digrii na watu wema wanaonipigia vigelegele kwa kunihurumia.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Jumapili nitapiga. Usimwambie anisalimie kwa Kiingereza. Usisimame nyuma yake ukimnong'oneza la kujibu, wala usinitafsiri. Mpe simu, uende jikoni. Nitamweleza kwa Kiswahili, polepole, nilichokula, nguo niliyovaa, na tumbili aliyeingia maktaba akaiba mkate wa mtu. Hataelewa. Ataudhika, atakuita.

Usiende. Tafadhali, Dada, mara hii moja usiende. Mwache na mimi.

Akuhurumie Mungu wa baridi hiyo, na wanaokuita Consuelo wakupende kwa niaba yangu.

Mimi niliyebaki,
mdogo wako.