Sahani ya Norbert

Rissne, 8 Februari 2009

Mama mpenzi,

Jambo sana. Mimi mzima, ila baridi ya Stockholm haina adabu. Mguu wako unaendeleaje? Jirani Gaudiose bado anakusomea barua, au miwani imefika?

Usinicheke: naandika riwaya. Kuta za stesheni yetu zimeandikwa historia ya dunia nzima, nami nikingoja treni ya kwenda kufagia ofisi Kista nasoma. Ndipo nilipoanza kuwafikiria Waselti, makabila ya kale yaliyokataa kutawaliwa na Warumi. Nimewatungia uchawi wao: mpiganaji akiuawa husimama ukingoni mwa mto, havuki mpaka aliyemwona akifa aseme kwa sauti alivyokufa. Nakutumia sura ya tatu. Ni hadithi tu.

Mwanao Clovis

Uvira, 30 Machi 2009

Mwanangu Clovis,

Salamu katika Bwana. Tuko wazima, mguu unalalamika kama kawaida yake. Miwani imefika, nimesoma mwenyewe, mara mbili.

Warumi wako nimewachukia vizuri. Ila yule kijana wa Kiselti afungaye kiatu kwa uzi mwekundu, apigaye mluzi kupitia pengo la jino, huyo namjua. Ni kaka yako Norbert.

Uliniambia mlipotezana wakati wa vita, kabla ya kufika mto Ruzizi. Ndiyo maana sijamkalia matanga. Asiyejulikana kama kafa haliliwi. Kila tukila namwekea sahani yake, na mlango sijautia komeo miaka kumi na mmoja. Sasa niambie, katika kitabu chako, nani alimwona akifa?

Mama yako

Rissne, 2 Mei 2009

Mama, jambo. Kazi ni nyingi. Kitabu nimekiacha kwanza. Nimekutumia viatu vya mguu ule unaouma.

Mwanao Clovis

Uvira, 20 Juni 2009

Sikukuuliza viatu.

Mama yako

Rissne, 14 Januari 2010

Mama,

Nisamehe kimya changu. Niko mzima wa mwili tu. Tangu barua yako nausikia ule mluzi stesheni, ng'ambo ya reli. Nikigeuka, naona watu wanasoma magazeti. Naogopa, Mama. Siku hizi nashuka kituo cha kabla ya Rissne, natembea kwenye theluji.

Ni mimi niliyemwona. Hatukupotezana. Norbert alinisukuma ndani ya matete, akatoka peke yake mbele ya askari, akipiga mluzi ili wamtazame yeye. Walimpiga risasi mbili, akaangukia majini. Mimi nilinyamaza mpaka walipoondoka, na mpaka leo nilikuwa bado nimenyamaza. Niliona aibu kukuambia kwamba umebakiwa na yule aliyejificha.

Clovis

Uvira, 3 Machi 2010

Mwanangu Clovis,

Leo sikuulizi hali, naijua. Nilikukasirikia siku nne. Miaka yote hiyo umeniacha nampakulia marehemu! Siku ya tano nikanyoa nywele, Gaudiose akaita majirani, tukamlilia Norbert siku tatu. Nami nilisimama nikasema kwa sauti, kama ulivyoandika: alifia majini, akipiga mluzi, akimficha mdogo wake.

Mwisho wa barua yako hukuandika "mwanao". Uandike tena. Norbert ndiye aliyekuficha, na kazi ya Norbert mimi siidharau.

Sahani yake, ile ya bati yenye maua ya buluu, nimekuwekea wewe. Kitabu kimalize.

Na ushuke kituo chako. Ukiusikia tena mluzi, mwambie mama amefunga mlango.

Mama yako